Gari limekutwa porini, mwenyewe amekufa kando yake: nini kifanyike, na nani wa kufanya

Mchungaji anapitisha ng'ombe na kuliona gari dogo limesimama kwenye vichaka tangu jana. Mlango wa dereva uko wazi. Anaita, hakuna anayeitika. Hatua thelathini mbele, chini ya mgunga, kuna mtu amelala na nzi wamemzonga. Kijana anakimbia kijijini kupiga yowe, na baada ya nusu saa watu sitini wamefika. Mmoja amefungua buti, mwingine amekaa kwenye kiti cha dereva kutafuta kitambulisho, wa tatu amemfunika marehemu kwa kanga aliyoitoa nyumbani kwake, na wengine wote wanapiga picha.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini mpelelezi atakapofika kutoka wilayani saa nne baadaye, sehemu kubwa ya majibu aliyokuja kuyatafuta itakuwa imeshakanyagwa.

Wasikilizaji wa mkoa wetu, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Mkalama na Iramba, wanaishi kwenye barabara ndefu zenye mapori pande zote. Magari ya Dodoma, Mwanza, Arusha na Tabora yote yanapita kwetu. Kwa hiyo mtu aliyepotea mbali anaweza kupatikana kwenye shamba lako la alizeti, na mtu wa nyumbani kwako anaweza kupatikana kwenye shamba la watu wengine. Tumeandika makala hii ili uisome kwenye simu sasa, kabla hujaihitaji. Tunaanza na kisa kimoja cha jirani zetu Kenya, kwa sababu karibu kila kosa linaloweza kufanyika katika jambo hili lilifanyika pale.

Julie Ward, Maasai Mara, 1988

Julie Ward alikuwa Mwingereza wa miaka 28, mpenzi wa kupiga picha za wanyama. Mwanzoni mwa Septemba 1988 alikwenda katika hifadhi ya Maasai Mara na rafiki yake kwa gari dogo aina ya Suzuki. Gari likaharibika. Rafiki akarudi Nairobi, Julie akabaki hadi lilipotengenezwa. Tarehe 6 Septemba aliendesha peke yake kwenda kambi ya Sand River kuchukua mahema waliyokuwa wameyaacha. Sand River iko mpakani kabisa, ng'ambo yake ni Serengeti yetu. Baada ya hapo hakuonekana tena akiwa hai.

Baba yake, John Ward, mfanyabiashara wa hoteli, alisafiri kutoka Uingereza na kukodi ndege ndogo za kumtafuta. Tarehe 13 Septemba rubani aliliona gari limekwama kwenye korongo, na juu ya paa lake mtu alikuwa ameandika kwa tope herufi za kuomba msaada. Siku hiyohiyo, kilomita kadhaa kutoka pale, karibu na majivu ya moto, yalipatikana mabaki ya Julie: sehemu ya mguu wa kushoto na sehemu ya taya. Mengine yalikuwa yameungua au hayakuonekana.

Maelezo ya kwanza ya wakubwa yalikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Ilitajwa hata radi, na hata kwamba huenda alijiua. Kwa mtu aliyekaa mjini, simba wa Mara ni jibu linaloridhisha. Lakini baba yake aliuona ule mguu kwa macho yake, na ulionekana umekatwa. Daktari aliyeupima kwanza Nairobi aliandika vivyo hivyo, kwamba umekatwa kwa kitu chenye makali. Kisha mkuu wake, daktari mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti, akaibadilisha taarifa: palipoandikwa kukatwa pakaandikwa kuchanika. Neno moja tu, nalo lilitosha kuyafanya mauaji yaonekane ajali ya porini.

John Ward hakunyamaza. Alipeleka mabaki kwa wataalamu wa kwao, akarudi Kenya mara nyingi, zaidi ya mara mia kwa hesabu iliyotolewa baadaye. Saini iliyoonyesha kwamba Julie ametoka salama katika kitabu cha wageni cha Sand River ilibainika kuwa si yake. Mwaka 1989 uchunguzi wa mahakama nchini Kenya uliamua kwamba binti huyo aliuawa. Wapelelezi wa Scotland Yard walikuja. Walinzi wawili wa hifadhi walishtakiwa mwaka 1992, wakaachiwa. Mkuu wa zamani wa walinzi akashtakiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, naye akaachiwa mwaka 1999. Mwaka 2004, korona wa mji wa Ipswich, Uingereza, alisema tena kwamba Julie aliuawa kinyume cha sheria. John Ward alifariki dunia mwaka 2023 bila kumwona mtu yeyote akitiwa hatiani. Kitabu alichokiandika mwaka 1991 alikiita The Animals Are Innocent, kwa Kiswahili tungesema Wanyama Hawana Hatia.

Tazama ni mambo gani yaliyobeba kesi ile. Mahali gari lilipokutwa na umbali wake kutoka kwenye mwili. Majivu. Ukingo wa mfupa, kama ulikuwa umenyooka au umechanika. Saini kwenye daftari la geti. Yote hayo ni vitu vidogo ambavyo umati wa watu sitini unaweza kuvimaliza kwa dakika kumi.

Singida tulishawahi kuwasingizia simba

Wazee wa Unyaturu hawashangai wakisikia habari ya wanyama kubebeshwa mauaji. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi wilayani Singida walikutwa wamekufa, miili yao ina majeraha kama ya makucha. Kwa muda iliaminika kuwa ni simba. Baadaye ikafahamika kwamba yalikuwa mauaji yaliyofanywa na watu, ile habari ya watu-simba, au mbojo kama wanavyoitwa kwa Kinyaturu. Kulikuwa na visa vya namna hiyo hata mwanzoni mwa miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni ilikamata watu, kesi zikaendeshwa, wengine wakanyongwa.

Habari za watoto waliofungwa na kulelewa ili wawe simba, zilizoandikwa na maofisa wa wakati ule, tunazichukulia kwa tahadhari. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu kuanzia mwaka 1959, aliandika kuzihoji simulizi hizo. Lakini vifo vilikuwepo, na makaburi yapo. Muuaji aliyejua kwamba kijiji kikiona alama za makucha kitaacha kuuliza, alizichora alama za makucha. Leo muuaji anaweza kuuacha mwili kando ya gari lililopinduka ili kijiji kione ajali.

Mtu wenu hajarudi: msisubiri saa 24

Tunaisikia sana kauli hii, kwamba polisi hawapokei taarifa ya mtu aliyepotea mpaka zipite saa 24. Hatujui ilikotoka, labda kwenye sinema. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haina kifungu kinachomtaka ndugu asubiri. Kama baba alisema atafika Kiomboi saa kumi jioni na sasa ni saa nne usiku na simu haipatikani, nendeni kituoni usiku huohuo, au pigeni 112, ni bure. Mkitoa taarifa, hakikisheni mmepewa namba ya RB, na mtu mmoja wa familia aiandike mahali pasipopotea. Mkijibiwa mrudi kesho, ombeni kwa heshima kuonana na mkuu wa kituo. Na mtendaji wa kijiji ajulishwe pia, maana yeye ndiye mwenye namba za watendaji wenzake njia nzima.

Nendeni na vitu vya kusaidia. Namba ya gari, rangi, na alama yoyote ya kipekee kama taa iliyovunjika au maandishi ya nyuma. Picha ya karibuni. Nguo alizovaa. Kama ana kisukari, kifafa au presha, semeni, msione aibu. Kama alikuwa na ugomvi na mtu, au alibeba fedha za mauzo ya ng'ombe au vitunguu, hilo pia lisemwe hata kama mwenyewe hakutaka lijulikane.

Na simu yake. Hapa familia nyingi hukosea kwa upendo. Watu ishirini wanampigia kila dakika mpaka chaji inaisha, na simu ikizima, kazi ya kuitafuta inakuwa ngumu zaidi. Mteueni mmoja apige, tena kwa kupumzika. Andikeni saa ya mazungumzo ya mwisho na alisema yuko wapi, hata kama alisema tu "napandisha Sekenke". Kama mna boksi la simu, lile lenye namba ya IMEI, lipelekeni kituoni. Polisi wanaweza kuziomba kampuni za simu kumbukumbu za laini hiyo kwa utaratibu wa kisheria, ninyi hamwezi kupewa dirishani. Mjue pia kwamba mnara hauonyeshi mti aliolala chini yake. Unaonyesha eneo, na mnara mmoja wa kijijini unaweza kuhudumia kilomita nyingi za pori. Ndiyo maana miguu ya watu inahitajika bado.

Kwenye kutafuta, sungusungu na wachungaji wa kwetu hawana mpinzani. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayechunga Wembere anaweza kukuambia gari lililopita hapa lilikuwa tupu au limebeba, na kama lilipita kabla ya umande au baada. Waulizwe hao kwanza. Mtafute mkiwa wawili wawili au zaidi, asiachwe mtu peke yake, na mkubaliane mapema kwamba atakayeona kitu anasimama palepale na kuita.

Ukilikuta wewe

Jambo la kwanza si ushahidi, ni uhai. Kama kuna dalili yoyote kwamba mtu huyo anapumua, mguse, mgeuze, mpe hewa, tafuta usafiri wa hospitali. Hakuna sheria inayokutaka umwache mtu afe ili usiharibu nyayo. Kama yuko ndani ya gari lililofungwa na injini inanguruma, au kuna jiko la mkaa ndani, fungua milango yote na ukae mbali kidogo mpaka hewa ibadilike, ndipo umtoe.

Lakini kama ni maiti, na mtu wa kijijini anajua maiti akiiona, rudi kwa njia ileile uliyoingilia. Kanyaga ulipokanyaga. Simama mbali, toa taarifa, na uzuie wengine. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamtaka kila anayejua habari ya kifo cha ghafla, kifo cha mashaka, au maiti iliyokutwa bila kujulikana mtu huyo alikufaje, atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo, na kiongozi huyo aifikishe kituo cha karibu. Kwa hiyo ukimwambia mwenyekiti wa kitongoji umetimiza wajibu wako, na yeye ndipo wake unapoanza.

Watu huogopa hapa. Wanasema ukitoa taarifa utakamatwa wewe, utalala ndani. Hofu hiyo haitoki hewani, tunaijua, na hatutamwahidi mtu kwamba hataulizwa maswali. Ataulizwa. Lakini aliyetoa taarifa mapema, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, yuko mahali pazuri kuliko yule ambaye nyayo zake zitakutwa pale na hakusema. Nenda na mtu. Andika saa uliyoona. Kama uligusa kitu, kama ulifunga mlango au uliokota pochi, sema hivyo bila kuficha. Alama ya kidole chako kwenye mlango ikiwa na maelezo haina shida.

Viongozi mkifika, wekeni mpaka. Kwetu miiba haikosekani: katwa matawi ya mgunga, yapangwe kwa duara pana kulizunguka gari na mwili pamoja, na njia kati yao iwe ndani ya duara. Ng'ombe na mbwa wazuiwe. Usiku utakapoingia wawekwe walinzi wenye moto, upande ambao upepo hautapeleka majivu ndani ya eneo, kwa sababu fisi hawasubiri polisi. Mvua ikitishia, piga picha chache za nyayo na alama za matairi kutoka nje ya duara, ukiweka kitu chenye ukubwa unaojulikana kando yake, kiberiti kwa mfano. Picha hizo ni za mpelelezi.

Si za kurusha kwenye makundi ya WhatsApp. Tumeshuhudia mara nyingi jinsi mama anavyojua mwanawe amekufa kwa kuona picha ya maiti kwenye simu ya jirani. Tukiacha ubinadamu, ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu kusambaza taarifa za uongo au za kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyeandika kwamba "muuaji ni fulani, tumemjua" anaweza kuwa ameharibu upelelezi, ameitia familia nyingine hatarini, na amejitia yeye mwenyewe kwenye kesi, yote kwa ujumbe mmoja. Na katika mkoa ambao tuhuma za uchawi bado zinawafikia vikongwe, jina likishatajwa halirudi.

Gari lenyewe msilisukume, hata kama limeziba njia ya mkokoteni. Mpelelezi ataangalia kiti kimesogezwa umbali gani kutoka kwenye usukani, maana mtu mfupi haendeshi na kiti cha mtu mrefu. Ataangalia kioo cha kutazamia nyuma kimeelekezwa wapi, gia iko namba ngapi, funguo iko wapi, mafuta yapo kiasi gani, na vumbi limekaa vipi kwenye milango. Kitu kama hicho hukijui kuwa ni jibu mpaka mtu akiulize.

Wengi wetu, tukubali, hatuna magari. Gari letu ni pikipiki. Kila tulichosema kinahusu pia bodaboda aliyekodiwa jioni na kukutwa asubuhi kando ya barabara. Tena kwake ni zaidi, kwa sababu watu huikimbilia pikipiki kuinyanyua kabla ya kumtazama mwenyewe.

Daktari anasoma nini kwenye mwili

Baada ya mtu kufa, mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, ukawa mgumu kabisa karibu na saa 12, kisha ukalegea tena baada ya siku moja au mbili. Kwenye joto la Oktoba mambo huenda kasi zaidi, kwenye baridi ya Juni polepole. Damu nayo hushuka upande ulio chini na kuacha weusi wa namna yake kwenye ngozi. Baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi, weusi huo haubadiliki tena. Kwa hiyo mtu aliyekutwa kifudifudi na weusi uko mgongoni, aligeuzwa au alibebwa kutoka mahali pengine. Nzi hutaga mayai mapema sana, na umri wa funza unaweza kusaidia kuhesabu siku. Mkishamwosha marehemu na kumbadilisha nguo kwa heshima, sehemu ya hayo imeondoka.

Fisi na mbweha huharibu mwili, hilo ni kweli, na si kila mwili uliochanika ni mauaji. Tofauti iko kwenye ukingo. Jino huchana na kuponda, na huacha alama zake kwenye mfupa. Panga hukata. Moto nao hauondoi kila kitu: mifupa na meno hubaki, na kwenye meno na mifupa kuna vinasaba. Kwa Tanzania vipimo vya vinasaba na vya sumu hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 ndiyo inayoviongoza. Pale sura ya marehemu haitambuliki, mzazi au mtoto wake anaweza kuombwa sampuli. Akubali, ndiyo njia ya uhakika ya kutomzika mtoto wa watu.

Kenya ilipata fundisho jingine miezi michache tu baada ya uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo cha Julie Ward. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru mwezi Februari 1990. Siku chache baadaye mwili wake ulikutwa kwenye kilima cha Got Alila, umeungua na una jeraha la risasi kichwani. Ikasemwa kwanza kwamba huenda amejiua. John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard aliyeletwa, aliukagua ushahidi na kusema ni mauaji. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Kuzika leo au kusubiri

Hapa ndipo familia hugombana, na hatuna jibu jepesi. Singida ina Waislamu wengi na Wakristo wengi. Mzee anataka maiti isilale, na ana haki ya kutaka hivyo kwa dini yake. Kijana wa marehemu anataka daktari apime kwanza. Wote wanampenda marehemu.

Kwa kifo cha namna hii uamuzi si wa familia peke yake. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, iliyotungwa mwaka 1980, inampa hakimu kazi ya ukorona: kuchunguza nani amekufa, wapi, lini na kwa namna gani, pale kifo kinapokuwa cha mashaka. Polisi wakiagiza uchunguzi wa daktari, mwili haupaswi kuzikwa kabla. Kinachowezekana ni kuomba ufanyike haraka. Mwende na imamu au mchungaji wenu kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, mweleze kwamba mnataka kuzika kwa taratibu za dini, na muulize daktari atapatikana lini. Mara nyingi kinachochelewesha ni usafiri wa kuupeleka mwili hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wala si upasuaji wenyewe. Ndugu mmoja aruhusiwe kuwepo kuutambua mwili, na familia iulize wazi matokeo yatatolewa lini na na nani.

Mkizika kwanza na mashaka yakaja baadaye, kaburi linaweza kufukuliwa kwa amri ya mamlaka ya kisheria. Tumeongea na wazee waliowahi kusimama kando ya kaburi linalofukuliwa. Walituambia afadhali wangesubiri siku mbili zile za mwanzo.

Kuna vifo visivyo na mkono wa mtu

Tusije tukamfanya kila anayekutwa kando ya gari kuwa ameuawa. Dereva anayesikia maumivu ya kifua hujitahidi kusimamisha gari, hufungua mlango, hutembea hatua chache kutafuta hewa, na huanguka. Kiharusi ni hivyohivyo. Dereva wa lori anayelala kwenye kebini na jiko la mkaa ili apate joto anaweza asiamke, kwa sababu mkaa unaowaka ndani ya mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Wapo wanaojiua, na familia zao zinastahili huruma, si minong'ono.

Na kuna kiu. Mtu amekwama kwenye tope la Wembere au kwenye vichaka vya Itigi, simu haishiki, anaamua kutembea mchana wa jua bila maji. Gari linapatikana kabla yake. Ukikwama, kaa karibu na gari. Gari huonekana kutoka mbali na kutoka angani, mtu haonekani. La Julie Ward rubani aliliona. Fungua boneti, funga kitambaa chekundu juu, kaa kivulini nje ya gari mchana, tembea jioni tu kama unaiona njia na unajua iendako, na uache maandishi ndani yanayosema umeelekea wapi na saa ngapi. Abebe maji kila anayepita Rungwa au Muhesi, hata kama safari ni ya saa mbili.

Karatasi

Baada ya mazishi zinabaki kazi ambazo hakuna anayetaka kuzifanya. Kifo kisajiliwe RITA, kupitia ofisi ya wilaya, ndani ya siku 30. Cheti cha kifo ndicho kitakachoulizwa benki, kwenye mirathi, kwenye mfuko wa pensheni, kwenye bima ya gari, na hata kwa wakala wa simu mkitaka salio la marehemu. Msitoe fedha kwenye laini yake kwa kutumia namba ya siri mnayoijua. Hilo linaweza kuwa kosa, na pia linavuruga kumbukumbu ambazo polisi wanazihitaji kujua kama kuna mtu mwingine aliyetoa fedha baada ya kifo.

Gari likiwa kituoni kama kielelezo, halitatoka mpaka upelelezi au mahakama iruhusu. Ombeni maandishi yanayoonyesha kilichochukuliwa: gari, simu, pochi, saa, na kila kilichokuwemo, kimoja kimoja. Kisha msimamizi wa mirathi, au ndugu mliyemchagua, awe anaulizia faili mara kwa mara, tuseme kila baada ya wiki mbili, kwa namba ile ya RB mliyoiandika usiku wa kwanza.